Foleni imekwisha, sasa naulizwa nimefanya nini

Shikamoo shangazi,

Nina miaka 29, naishi Mtwara mjini. Nimeajiriwa kwa mkataba wa miaka miwili na shirika moja, jina naomba nilifiche, linalovisaidia vyama vya msingi vya ushirika kuwalipa wakulima wa korosho. Kwenye mkataba kazi yangu imeandikwa "msanifu wa huduma", na shida inaanzia hapo hapo. Mama yangu ana mikorosho yake Kitangari, na huwaambia majirani kwamba mwanawe anabuni mitindo ya nguo. Ofisini wananiita Dada wa Stika, kwa sababu ya vikaratasi vya kunata nilivyobandika ukutani mwezi wangu wa kwanza.

Nilichofanya ni hiki. Msimu wa juzi nilikaa dirishani, pale ofisini wakulima wanapokuja kuuliza malipo yao, wiki tatu, natazama tu na kuuliza. Wakulima walikuwa wanafika alfajiri, kabla hata mlinzi hajafungua geti. Siku moja ya Novemba nilihesabu: walifika 64, na 41 kati yao walishakuja siku nyingine kwa jambo lile lile. Wengi walitaka kujua kwa nini fedha iliyoingia benki hailingani na bei waliyoisikia siku ya mnada. Kila mtu anajua makato yapo, ila karatasi yetu ya malipo ilikuwa na kilo, halafu neno "makato" na tarakimu moja, halafu fedha, basi. Wengine hawakuwa wamepata chochote kwa sababu jina la kwenye daftari la chama na la benki hayafanani: huku Hamisi, kule Khamis, huku majina mawili, kule matatu. Karani alikuwa anamweleza kila mmoja upya, kama dakika 12 hivi, mtu anaondoka hajaelewa, keshokutwa anarudi na mwanawe anayejua kusoma.

Nikafuatana na wakulima wachache hadi kwao. Nikachora safari yote ya malipo, tangu gunia linapowekwa kwenye mizani ya chama mpaka mtu anapotoa fedha benki. Halafu nikapendekeza mabadiliko. Karatasi ya malipo ikawa na bei ya mnada juu, kila kato na mstari wake na jina lake, na chini kabisa fedha anayopokea mtu, kwa maandishi makubwa. Majina tukayahakiki Agosti, kabla ya msimu, badala ya kusubiri malipo yakwame. Nikaandika upya meseji mbili zinazokwenda kwa mkulima. Na benchi nikalihamishia kivulini. Mambo madogo madogo, shangazi. Kijana wetu wa tehama ndiye aliyeingiza mabadiliko kwenye mfumo.

Msimu uliopita foleni haikuwepo. Hata wale vibarua wawili tunaowachukua kila msimu kusaidia dirishani hawakuitwa.

Mwezi uliopita kilifanyika kikao cha tathmini. Mhasibu alitoa hesabu zake. Kijana wa tehama alionyesha mfumo, akapigiwa makofi. Ilipofika zamu yangu nikaonyesha slaidi 38, zenye mchoro wa safari ya mkulima, mishale, na nyuso zinazocheka na zinazonuna. Meneja alinisubiri nimalize, akasema, "Binti, michoro mizuri. Lakini imetuingizia shilingi ngapi?" Nikajibu kwamba thamani ya huduma haipimwi kwa shilingi. Wakacheka. Mmoja akasema foleni imekwisha kwa sababu mfumo umeboreshwa. Mwingine akasema kwao mwaka huu korosho zilikuwa chache, ndiyo maana watu hawakuja. Nikakaa kimya.

Mkataba wangu unakwisha mwishoni mwa Oktoba, na meneja ameniambia nilete "kitu cha maana" kabla ya hapo. Rafiki yangu wa Dar es Salaam anayefanya kazi kama yangu ananishauri niandike tu kwamba nimeliokolea shirika milioni kadhaa, maana nani atahakiki? Nifanye nini, shangazi? Au nirudi shule nikasome uhasibu?

Dada wa Stika, Mtwara

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na huo uhasibu. Usome ukiupenda, usiusome kwa hasira. Mimi nimekagua vitabu vya vyama vya ushirika huku kusini tangu hesabu zikiandikwa kwa kalamu ya wino mpaka zikahamia kwenye kompyuta, na mhasibu naye huulizwa swali hilo hilo uliloulizwa wewe. Tofauti ni kwamba yeye hujibu akiwa na karatasi mkononi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilikuonea huruma. Ya pili nikachukua kalamu nikapigia mstari tarakimu: 64, 41, dakika 12, vibarua wawili. Zote umeziandika mwenyewe, kwa kupita, kama abiria aliyesinzia basi linapokatiza Mikindani. Katika slaidi 38 ulizopeleka kikaoni sijui kama hata moja ilikuwa nazo. Ulimwonyesha meneja nyuso zinazonuna, kumbe wanaonuna ulishawahesabu!

Tuzidishe basi. Watu 41 kwa dakika 12 ni dakika 492, yaani saa 8 na dakika 12. Hiyo ni siku nzima ya kazi ya mtu mmoja. Kwa maneno mengine, siku ile ya Novemba shirika lenu lilimlipa mtu mshahara wa kutwa ili awaeleze wakulima jambo ambalo karatasi ingewaeleza. Sentensi hiyo moja ungeisema kikaoni na kukaa chini, asingecheka mtu.

Ila mimi ni mkaguzi, siwezi kukuachia hapo. Siku moja si msimu. Kama uliihesabu foleni ile siku ya pili baada ya malipo ya mnada kuingia, bila shaka ilikuwa ndefu kuliko siku nyingine, na mhasibu wenu akiligundua hilo atakutafuna mbele za watu. Na yule aliyesema korosho zilikuwa chache, mwanangu, usimkasirikie. Ametoa hoja halali kuliko zote zilizotolewa siku ile. Unatakiwa umjibu, na jibu lake mama yako analijua tangu hujazaliwa.

Mama yako anapiga salfa. Mikorosho inapoanza kuchanua anapuliza, maua hayashikwi na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, korosho zinashika. Sasa mwulize: umejuaje kuwa ni salfa? Pengine mwaka huu ugonjwa haukuja. Pengine hali ya hewa ilikuwa nzuri. Atakuonyesha shamba la jirani ambaye hakupuliza, maua yamekauka na kupukutika, upepo ule ule, mvua ile ile. Watafiti wa kilimo wa pale Naliendele nao hawana uchawi mwingine zaidi ya huo: ukitaka kujua dawa inafanya nini, lazima uwe na miti ambayo haikupata dawa.

Kazi yako ni ya salfa. Ikifanikiwa hakuna cha kuona. Foleni ambayo haipo haipigwi picha, na mkulima ambaye hakurudi hana habari kwamba alikusudiwa kurudi. Kijana wa tehama ana skrini ya kuonyesha, mhasibu ana jumla ya chini, wewe una benchi tupu lililokaa kivulini. Ndiyo maana nasema tafuta mti usiopulizwa. Umesema "dirishani" kana kwamba dirisha ni moja, lakini shirika linalohudumia vyama vingi halikosi ofisi nyingine, au hata chama kimoja ambacho karatasi mpya ilichelewa kufika. Kama kipo, nenda kakae pale. Mavuno yalikuwa ya mwaka ule ule, mnada ule ule, mfumo wa kompyuta ule ule. Kama kwao watu waliendelea kurudi kama zamani na kwenu wakapungua, basi hoja ya korosho chache na ya mfumo mpya zimejibiwa kwa pamoja, na hukubishana na mtu.

Na kama hakuna chama kilichobaki nyuma? Rudi kwenye makaratasi. Ninyi vijana mnadhani takwimu ni kitu kinachotoka kwenye kompyuta. Umetaja mlinzi na geti lake. Ofisi za huku mlinzi ana daftari: tarehe, jina, unakotoka, unakwenda kwa nani, saa ya kuingia. Wengine huandika na shida ya mgeni. Lile daftari ni mali, na halifunguliwi na mtu mpaka siku kitu kiibiwe. Omba ya misimu miwili, Novemba kwa Novemba. Jina likijitokeza mara ya pili ndani ya wiki tatu, huyo amerudi. Hesabu kwa mkono, itakuchukua siku mbili au tatu, na kichwa kitakuuma.

Ukimaliza, nenda kwa mhasibu kwa adabu (usiende mikono mitupu, chukua hata maandazi) umwombe orodha ya malipo yaliyorudishwa na benki kwa sababu ya majina, msimu wa juzi na uliopita. Yeye anayo, kwa sababu kila moja lilimpa kazi ya kulipa upya. Usichukue idadi peke yake. Kama mwaka mmoja mlilipa wakulima wengi na mwaka mwingine wachache, linganisha kwa kila wakulima 100 waliolipwa: wangapi malipo yao yalikwama, wangapi walirudi kuuliza. Ukifanya hivyo yule wa korosho chache atakosa pa kusimama, maana umeshaigawa hoja yake.

Jambo hili hukulianzisha wewe. Lynn Shostack, Mmarekani aliyekuwa akifanya kazi benki, mwaka 1984 aliandika katika jarida la Harvard Business Review namna ya kuichora huduma hatua kwa hatua, michoro ile ile mnayoipenda ninyi. Mfano wake mmoja ulikuwa mng'arisha viatu wa barabarani, kama wale wa stendi. Wasanifu wengi wamerithi kisanduku na mshale wake, wakasahau kwamba pembeni aliweka dakika na gharama, na akaonyesha kwamba kazi ikivuka dakika kadhaa faida ya kiatu kile inageuka hasara. Mchoro ulizaliwa na hesabu yake. Nyinyi mmewatenganisha pacha hawa, kisha mnashangaa mmoja hatembei.

Yupo pia Mwingereza John Seddon, aliyechunguza vituo vya kupokea simu za wateja, akawagawa wanaokuja katika mafungu mawili. Fungu la kwanza wamekuja kwa sababu wanahitaji huduma. La pili wamekuja kwa sababu huduma haikufanyika, au ilifanyika ovyo. Meneja akiona watu 64 dirishani anaweza kujisifu kwamba shirika lake lina wateja wengi. Wewe ulipogundua kuwa 41 ni wa fungu la pili ulikuwa umeshafanya kazi kubwa, kabla hujagusa karatasi yoyote. Na Serikali ya Uingereza ilianzisha kitengo chake cha huduma za kidijitali mwaka 2011, na baadaye huduma zikatakiwa kutoa taarifa ya angalau mambo manne: kila muamala unagharimu kiasi gani, wangapi waliouanza wakaumaliza, watu wameridhika kiasi gani, na wangapi wanatumia njia ya kidijitali. Manne. Wewe huhitaji hata manne. Dirisha lenu linahitaji mawili: wangapi walilipwa pasipo kurudi kuuliza, na kila aliyerudi alitugharimu nini.

Sasa huyo rafiki yako wa Dar es Salaam. Mwambie shangazi amekasirika.

"Nani atahakiki?" Mimi! Watu kama mimi wapo katika kila ofisi, wengine wamestaafu hawana kazi ya kufanya. Ukiandika milioni na mtu akauliza zimeingia akaunti gani, utamwonyesha ipi? Muda uliookolewa si fedha, mwanangu, mpaka useme umekwenda wapi. Karani aliyekuwa akieleza makato saa nane kwa siku, sasa hizo saa anafanyia nini? Kama anakaa anachezea simu, shirika halijaokoa hata senti, limempumzisha karani tu. Kama anahakiki majina ya chama kingine, sema hivyo, taja na chama chenyewe. Lakini vibarua wawili ambao hawakuitwa, hao ni fedha kabisa. Kuna vocha zao za msimu wa juzi zenye sahihi, na msimu uliopita hakuna vocha. Siku walizofanya kazi mara ujira wa siku mara wawili. Andika hiyo. Inaweza kuwa ndogo kuliko milioni za rafiki yako, lakini ukitikiswa haianguki.

Halafu toa gharama zako mwenyewe. Wiki tatu ulizokaa dirishani, mafuta ya kwenda vijijini, muda wa kijana wa tehama, karatasi zilizochapwa upya. Watu wa fani yenu hawaliweki hilo, na ndilo lingemfanya mhasibu awe upande wako. Kama mwaka wa kwanza gharama imezidi vibarua, sema imezidi. Karatasi ya malipo haisanifiwi upya kila msimu. Mwaka wa pili haigharimu tena, na vibarua hawaitwi tena.

Tumefika kwa meneja. Ulipomjibu kwamba thamani haipimwi kwa shilingi ulikuwa unamfundisha, na bosi hafundishwi kwenye kikao mbele ya walio chini yake. Mimi simfahamu, lakini nimewafahamu mameneja wengi wa ushirika, na nina shaka kama shilingi ndiyo inayomnyima usingizi. Kinachomnyima usingizi ni mkutano mkuu. Ile siku wanachama wanapokaa chini ya mwembe, mzee mmoja anasimama na karatasi yake imekunjwa mara nne, anasema, "Naomba kuelezwa hili neno makato." Wakipiga makofi hapo, kuna mtu anapoteza kiti chake.

Wakulima wetu si watu wa kuchezewa kwenye fedha. Mwaka 2018 walikataa bei za mnadani, Serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na baadaye uhakiki ukawaweka watu wengi wakisubiri malipo huku sikukuu zinapita. Mtu aliyepitia msimu ule husoma kila mstari wa karatasi yake kama hati ya kesi. Wewe ukampa kila kato na jina lake, mjengeko wa bei wote uko mkononi mwake. Sasa fungua muhtasari wa mikutano ya vyama, wa mwaka juzi na wa mwaka huu, uone hoja za makato zilikuwa ngapi na sasa ni ngapi. Ikiwa zimepungua, hiyo ndiyo lugha ya meneja. Usimwambie "nimeongeza imani ya wanachama". Mwambie, "Mkutano wa mwaka juzi maswali ya makato yalikuwa haya, mwaka huu ni haya," umkabidhi karatasi, unyamaze. Atamalizia mwenyewe moyoni.

Najua utashawishika kuongeza habari ya kangomba, yale mauzo ya magendo nje ya chama: kwamba mkulima akieleweshwa malipo yake hatauza kwa bakuli gizani, korosho zitakuja chamani, ushuru utaongezeka. Inawezekana. Mimi mwenyewe naamini kuna ukweli ndani yake. Lakini mtu huuza kangomba kwa sababu mtoto anaumwa na mnada bado, na karatasi yako nzuri haimpeleki mtoto hospitali. Usilidai hilo. Ukidai mambo kumi, mawili yakawa ya uongo, yale manane ya kweli nayo yanatupwa.

Kuna hasara nyingine ulizozipunguza ambazo haziko kwenye kitabu cha shirika kabisa. Nauli ya bodaboda kutoka kijijini, kwenda na kurudi, mara tatu. Siku tatu shamba halikupaliliwa. Mwana aliyetolewa shule aje asome karatasi. Hizi shirika halikuzilipa wala halitaziona zikipungua. Ziandike hata hivyo, katika fungu lake, kwa jina lake: "Alichookoa mkulima." Waulize wakulima kumi nauli yao ni kiasi gani, uandike walivyosema. Usizijumlishe na vocha za vibarua upate tarakimu nene. Na usizifiche kwa kuwa meneja hakuziuliza. Shirika lenu linaishi kwa vyama, na vyama ni hao hao wapanda bodaboda.

Kuhusu kijana wa tehama, nasikia kawivu kwenye barua yako, ingawa umejitahidi kukafunika. Alipigiwa makofi, sawa. Mfumo ni kweli aliutengeneza yeye. Mwite mkae pamoja mwandike nani alifanya nini: wewe uliona kwamba watu wanarudi na kwa sababu gani, ukasema nini kibadilike, yeye akakibadilisha. Na karani wa dirishani ambaye hata jina hukumtaja? Yeye ndiye alikuwa akieleza makato mara arobaini kwa siku. Mwambie aje aseme dakika tano kwenye kikao kijacho. Neno la karani mchovu ambaye sasa anakwenda kula mchana kwa wakati lina uzito kuliko uso wako wa kuchora unaotabasamu.

Kwa hiyo slaidi 38 ziache kwenye kompyuta. Peleka ukurasa mmoja. Juu, weka karatasi mbili za malipo ubavu kwa ubavu, ya zamani na mpya, za mtu yule yule. Chini yake mistari michache: kwa kila wakulima 100 waliolipwa, waliorudi kuuliza walikuwa wangapi na sasa ni wangapi, malipo yaliyokwama benki, zamani na sasa, vibarua, zamani na sasa, gharama ya kazi yangu. Halafu mstari mmoja wa ukweli: "Mavuno nayo yalikuwa tofauti, kwa hiyo nimelinganisha na ofisi fulani ambayo haikubadilishwa." Kama hukupata ofisi ya kulinganisha, andika kwamba hukuipata. Mchoro wako wa safari ya mkulima ubandike nyuma ya ukurasa. Akiugeuza mwenyewe, mweleze. Asipougeuza, usimgeuzie.

Jambo moja ulilikosa tangu mwanzo, na hili nakulaumu. Ulianza kutengeneza kabla hujamwuliza meneja atajuaje kwamba kimetengenezeka. Fundi wa mlango huuliza upana wa tundu kabla ya kukata mbao. Msimu mwingine uko mlangoni, minada huanza Oktoba, mkataba wako unakwisha mwezi huo huo. Nenda kwake wiki hii, usisubiri kikao, ofisini kwake, mkiwa wawili. Mwambie hivi: "Bosi, msimu huu nataka kuhesabu kitu kimoja tangu siku ya kwanza. Wewe ungependa tuone nini kimepungua?" Atakalolitaja, hata kama si la maana kwako, lichukue na uliandike mbele yake. Halafu weka daftari dirishani, safu mbili tu: amekuja mara ya kwanza, amerudi. Karani anapiga mstari, basi. Usimpe fomu ya kurasa tatu. Ataijaza jioni kwa kubuni, nami nimeona fomu za namna hiyo za kutosha.

Inawezekana ukafanya yote haya na asiongeze mkataba. Bajeti zina mambo yake, na mameneja wengine wameshaamua kabla hujaingia. Ikiwa hivyo, ondoka na nakala ya ule ukurasa, ukiwa umefuta majina ya watu. Hapa Mtwara na kule Lindi hakuna ofisi yenye dirisha isiyokuwa na foleni ya waliorudi: hospitali, halmashauri, maji, mabenki yenyewe. Ukurasa unaosema "nilikuta 41 kati ya 64 wamerudi" unaweza kuupeleka popote kati ya hizo. Slaidi za nyuso hazikufikishi mbali.

Karatasi mbili za kuweka ubavu kwa ubavu, usihangaike kuziomba ofisini. Nenda Kitangari Jumamosi. Wazee wa huku hawatupi karatasi ya korosho. Mama yako anazo zote, kwenye kopo au chini ya godoro, ya msimu wa juzi na ya msimu uliopita. Mwombe akusomee zote mbili, wewe ukinyamaza, uone anakwama wapi kwenye ya kwanza. Halafu mwambie ya pili aliiandika nani. Na ukishazipiga picha umrudishie siku hiyo hiyo, kabla hajaanza kuzitafuta.